Uzi wa Kakakuona

Buibui alikuwa fundi aliyejivunia kazi yake. Alitandaza nyuzi kutoka kwake hadi mlangoni pa kila mnyama, ili mwenye shida avute, naye atume msaada. Mwezi mzima hakuna uzi uliotikisika.

"Wote wameridhika," alimwambia Tembo, mkuu wa msitu. "Sijapata lalamiko hata moja."

Kabla hajamaliza kujisifu, Kakakuona aliingia, amejaa tope hadi puani. Shimo lake lilikuwa limefurika maji.

"Mbona hukuvuta uzi?" Buibui alimuuliza.

"Niliuvuta wiki ile ya kwanza, Bibi Fundi. Kucha zangu hizi zikaukata papo hapo."

"Na hukunipa taarifa?"

"Ningekupaje? Njia ya kutoa taarifa si ndiyo huo uzi?"

Kesho yake Buibui alishuka chini, akapita mlango kwa mlango, akakuta nusu ya nyuzi zimekatika. Alimuuliza kila mnyama anavyoweza kuushika uzi. Uzi wa Kakakuona aliufungia kijiti cha kushika anapovuta, ili kucha zisiukate.

Mwezi uliofuata Tembo alishtuka. "Malalamiko arobaini, Buibui? Umeharibu nini?"

Buibui alitabasamu, nyuzi zikitikisika miguuni pake. "Sijaharibu, Mzee. Sasa yananifikia."