Kopo la Mchanga

Moshi ulitanda matangani kana kwamba wanaume wale walikuja kuchoma mkaa, si kumzika baba yake Mashavu.

"Mwanangu, tuletee cha kukung'utia majivu," aliita mwenyekiti wa mtaa, yuleyule aliyebandika marufuku ya sigara sokoni.

Mashavu alimtazama kama anayetazama uchafu. Akaingia chumbani kwa marehemu, akarudi na kopo lenye mchanga, akalitua mkekani.

"Ahsante, mama." Mwenyekiti akakung'uta. "Mapafu yalimtesa mzee, lakini kazi ya Mungu haina makosa."

"Humo ndimo baba alimokuwa akitemea damu mpaka juzi."

Mikono ikaganda. Majivu yakazidi kurefuka kwenye kila sigara, na hakuna aliyejua pa kuyadondoshea.