Barua za Kwenye Taka

Kila Alhamisi watu wa usalama walikuja ofisini kusoma barua pepe za Bi Mwajabu, karani, wakimtafuta mwanawe aliyekimbia. Walisoma zilizoingia, wakasoma zilizotumwa. Taka, yaani zilizofutwa, hawakuzigusa. Nani apekue taka za karani?

Humo ndimo alimoficha barua kumi na moja za mwanawe, kama mama yake alivyoficha herini kwenye majivu ya jiko. Kompyuta ilifuta taka yenyewe baada ya siku thelathini, kwa hiyo kila mwezi alizitoa, akazisoma, akazirudisha, siku zianze kuhesabiwa upya.

Alhamisi hii alipotoka kuswali adhuhuri alimkuta Nuhaila, mwenzake wa meza ya pili, amekalia kiti chake.

"Shoga, sanduku lako lilijaa. Nimekumwagia taka."

"Zote?"

"Zote."

Watu wawili wa usalama waliingia. Nuhaila alirudi mezani kwake, Bi Mwajabu akasimama ukutani.

"Leo tunaanza na taka, mama," alisema mmoja. "Tumenong'onezwa."

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Kioo kilibaki kitupu. Alimtazama Bi Mwajabu kwa muda mrefu, halafu akageuka polepole kuitazama meza ya pili.

Nuhaila hakuinua macho. Alikuwa akichapa kwa haraka, vidole vyote kumi, na kompyuta yake ilikuwa imezimwa.