Sentimita Sabini na Tano

Bwana Dhamana alipotoka ofisini alimkuta mwanamke amepiga magoti sakafuni, anapima mguu wa meza yake ya maonyesho kwa tepu ya ushonaji.

"Sabini na tano," mwanamke alimwambia msichana aliyesimama kando. "Sawasawa."

"Mama, hapa tunauza laptopu," alisema Bwana Dhamana. "Meza ni ya duka."

"Najua, kaka." Mwanamke akasimama, akapangusa magoti, akaitundika tepu shingoni kama nishani. "Mimi ni fundi cherehani. Nisichokipima sikinunui."

Bwana Dhamana akacheka. Moyo wake ulikuwa mweupe. Ijumaa ndiyo siku yake ya kazi za ofisini, na tangu asubuhi alikuwa ameshughulikia rundo zima la barua zilizoandikwa na mafundi wake wa ghorofani: muhuri, sahihi, muhuri, sahihi, bila kupoteza muda kwa jambo dogo kama kusoma. Vidole vyake bado vilikuwa na wino wa zambarau. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bwana Dhamana, kwa kuwa hakuwahi kuuza hata waya bila kula kiapo.

"Nani anaenda chuo?"

"Huyu, mtoto wa kaka yangu. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Ukoo mzima umechanga, hadi bibi yake, ambaye mpaka leo anadhani laptopu ni aina ya sufuria. Uwezo wetu ni laptopu moja, kaka. Moja tu. Ya pili haipo hata nikiuza cherehani."

"Basi mmefika."

Akazipita laptopu za bei nafuu bila kuzitazama, kama tajiri anavyowapita jamaa zake maskini, akasimama mbele ya moja nyeusi, nyembamba. Akataka kumpokea mwanamke mkoba wake mkubwa ili awe huru, lakini mwanamke akaubana kwapani.

"Huu niachie. Una mali ya watu."

"Haya. Ishike hii basi. Kuku anayetaga ana uzito zaidi kuliko hii."

Shangazi hakutaka maneno. Aliitia laptopu kwenye begi la msichana, akamwamuru atembee hadi mlangoni na kurudi mara tatu, maana bweni lao lilikuwa ghorofa ya nne.

"Mgongo unasemaje?"

"Mgongo umenyamaza, shangazi."

"Iwashe uione," alisema Bwana Dhamana. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimejificha ubavuni, na kila mteja alikipapasa kama anayetafuta sarafu gizani. Msichana alikibonyeza bila hata kuangalia. Bwana Dhamana akatikisa kichwa kwa heshima. Watoto wa siku hizi, aliwaza, huzaliwa wakijua.

"Na ikianguka?" aliuliza shangazi. "Huyu akishika kikombe, mimi nashika ufagio."

Bwana Dhamana akaweka mkono kifuani kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Hii haianguki, mama. Hii inashuka."

"Kutoka mezani?"

"Hata kutoka darini!"

"Dari tuiache. Mezani tu. Meza kama hii."

"Haitapata hata mchubuko."

"Ah, kaka. Ulimi hauna mfupa."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua simu wakasogea. Mlinzi naye akaacha mlango. Bwana Dhamana alipoona hadhira, damu ya biashara ikamchemka. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akaifunga laptopu, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza.

"Subiri!" Shangazi akamgeukia msichana. "Rekodi, mwanangu, mjomba wako hataamini. Haya, kaka, sema tena. Kwa sauti, na cheo chako."

Bwana Dhamana akanyoosha tai, akaitazama simu ya msichana.

"Mimi ndiye mwenye duka hili. Naapa mbele ya mashahidi hawa: laptopu hii ikianguka kutoka mezani, sentimita..."

"Sabini na tano."

"...sabini na tano, haifi. Na ikifa, kosa ni letu. Natoa mpya siku hiyohiyo, na simuulizi mtu swali!"

Akaisukuma. Paa!

Msichana alifumba macho kabla haijagusa sakafu, kama mtu aliyewahi kuuona msiba huo. Laptopu ikaokotwa, ikafunguliwa, ikawaka. Watu wakapiga makofi. Bwana Dhamana, bila kuombwa na mtu, akaiangusha tena. Paa! Ikawaka tena. Mlinzi akapiga mluzi.

"Tumeridhika kabisa," alisema shangazi.

"Niwaandikie risiti?"

"Risiti tunayo."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, shangazi akautua mkoba wake. Akatoa humo laptopu nyeusi, nyembamba, pacha wa ile iliyokuwa mezani, ila hii kioo chake kilikuwa na nyufa kama utando wa buibui. Akatoa na risiti ya duka hilohilo, ya wiki tatu nyuma. Juu yake akaweka barua iliyokunjwa mara nne.

"Tumepewa sasa hivi, huko juu," alisema kwa upole. "Tukaona tusiondoke bila kukusalimia."

Bwana Dhamana akaikunjua, akaisoma kwa mara ya kwanza: *Ombi lenu la kubadilishiwa limekataliwa. Hakuna laptopu duniani inayoweza kuanguka kutoka mezani, sentimita sabini na tano, ikapona.* Chini yake palikuwa na muhuri wa zambarau, wino bado mbichi, na sahihi aliyoifahamu kuliko uso wake.