Bangili Chini ya Mafiga

Kondo alikuwa akipitisha mashine yake ya kutafutia vyuma juu ya mahame ya Lumuma, walikohama wenyeji kwenda kijiji cha ujamaa. Siku ya tatu hiyo, na alikuwa ameokota misumari tu.

"Leo utapata sufuria, shemeji," alitania mume wa dada yake, aliyeng'ang'ania kumsindikiza, panga begani.

Mashine ililia katikati ya mafiga ya jiko la zamani la dada yake. Kondo akafukua. Ikatokea bangili ya dada yake, aliyesemekana katoroka na mtu wa reli. Ndani yake kulikuwa na mfupa wa mkono, umechanjwa kwa panga.

Kicheko cha shemeji kilikatika. Panga likashuka begani.

Kondo akarudishia udongo polepole. "Msumari tena, shemeji. Tutaendelea kesho."

"Kesho ipi?"