Bubu wa Mzee Mursal

Chwa, chwa, chwa. Karata zilikuwa zikichanganywa gizani.

Stima ilikuwa imepotea mara tu baada ya magharibi, na Nasteha alikuwa bado akipapasa rafuni kutafuta taa ya sola, mtoto kiunoni. Mama mkwe wake, Sirad, hakungoja taa. Aliketi mkekani akichanganya tu.

"Hooyo, hata giza halikusimamishi?" Noordin, mumewe Nasteha, alimtania mama yake.

"Vidole hivi vilikuwepo kabla ya stima ya Garissa."

Walicheka. Taa ilipowaka, kicheko kikaisha, maana pale karibu na mlango lilionekana begi la Mzee Mursal, zipu imeshafungwa. Kesho alfajiri Noordin angemchukua baba yake kwenda Nairobi, akakae huko karibu na madaktari. Sirad angebaki peke yake. Nyumba na mbuzi haviwezi kuachwa, chumba cha Noordin na Nasteha huko Islii kina nafasi ya mzee mmoja tu, na hooyo, Noordin alisema, bado ana nguvu zake. Anayeumwa ni aabo.

Anaumwa nini? Akili. Tangu wafike likizo, Mzee alikuwa akizungumza peke yake mchana kutwa, akitaja vitu ambavyo hata mtoto anaviona. "Mbuzi kalala mlangoni." "Chai ni ya moto, iko kulia." "Kizingiti hiki." Mkewe akienda msalani, alimfuata mpaka mlangoni na kumngoja pale, kama mtoto anayeogopa kuachwa. Nasteha aliyaona hayo, moyo ukamuuma. Alitamani kusema kwamba watu waliozeeka pamoja namna ile hawatenganishwi. Lakini mkamwana anaanzia wapi?

Na karata nazo zilikuwa ushahidi. Mzee alijifunza briji kule Bute, alipokuwa dereva wa madaktari wa mifugo, akaja akamfundisha mkewe, kisha mwanawe. Huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akitazamana na mwenzake. Kwanza kuna mnada: kila mmoja hutaja mizunguko anayoahidi kushinda. Anayepanda juu kuliko wote hucheza karata zake na za mwenzake pia. Mwenzake huzilaza zake wazi mkekani, akakaa kimya. Huyo wanamwita bubu.

Zamani Mzee alinadi kwa hesabu. Siku hizi alipandisha mnada hata kama mkononi hana kitu. Ukisema mbili, yeye tatu. Ukisema tatu, yeye nne. Sirad husema "pasi," yaani hapandi, basi, akawa bubu, na Mzee akazipokea karata za mkewe, akazipanga mwenyewe, akashindwa vibaya huku akitabasamu.

"Aabo, hata madalali wa mnada wa ng'ombe wanaona haya," Noordin humwambia, na wote wakacheka. Lakini jikoni alikuwa amemwambia Nasteha, machozi yakimlengalenga, "Huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu."

Jioni hii, ya mwisho, Mzee alikuwa ameshanadi kila mchezo na kushindwa kila mchezo. Noordin akagawa tena, akaziangalia zake.

"Shupaza moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua atapandiwa.

"Pasi," akasema Sirad, aliyekaa kushoto kwake.

"Pasi," akasema Nasteha, akimpakata vizuri Bishara, binti yake, aliyeanza kusinzia.

Ikawa zamu ya Mzee Mursal. Yeye hakuziangalia karata zake. Alimwangalia mkewe, akaliangalia begi, akamwangalia mkewe tena, kwa muda mrefu mpaka Nasteha akaona haya kwa niaba yao, akainamisha macho.

"Pasi," Mzee akasema.

Noordin akainua uso. Tangu waje hawajalisikia neno hilo kinywani mwa baba yake. "Alhamdulillahi, aabo. Leo angalau umetuachia."

Karata zikamponyoka Sirad, zikatawanyika mapajani.

"Uliniapia, Baba Noordin," akasema polepole.

"Na sijasema neno," Mzee akajibu. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka ndevuni, naye hakuyapangusa.

Nasteha akadhani waliapiana kutolia mbele ya watoto. Akamtazama mumewe, akitumaini kwamba hata sasa, hata dakika hii, atabadili nia. Lakini Noordin alikuwa amezikazia macho karata zake, kama mtu anayekimbilia kazi ili asionekane uso.

Mnada ulikuwa umefungwa. Mwenye mchezo ni Noordin, na aliye kushoto kwake ndiye hutoa karata ya kwanza.

"Fungua, hooyo," akasema taratibu. "Toa yoyote ile."

Sirad akaziokota karata mapajani, moja moja. Mzee Mursal, ambaye kila jioni humpangia, safari hii alikunja mikono kifuani na kuifinya, kama mtu anayejizuia. Sirad akazitandaza zake kama upepeo wa ukindu, akaziinua mbele ya uso, akainamisha kichwa kidogo kama anayechagua. Alichukua muda. Nje, mbuzi alikohoa.

Bishara akajiinua mapajani mwa mama yake, akamnyooshea bibi yake kidole.

"Ayeeyo ameshika karata kinyume. Picha zinatuangalia sisi."