Kura ya Likanda

Tangu halmashauri ya wilaya ipitishe kwamba kijiji chenye watu chini ya mia tatu kinafutwa na zahanati yake inafungwa, hakuna marehemu wa Namikope aliyeachwa apumzike. Anayejibu jina lake likiitwa huhesabiwa mkazi. Kwa hiyo kila mkutano wa kijiji Somoe alibeba kisanduku chenye sauti na akili ya mumewe, akakiweka kwenye kiti cha pembeni.

"Likanda," mtendaji aliita.

"Nipo, mtendaji."

Siku hiyo mwenyekiti alitaka shamba la mikorosho la Somoe lijengwe ofisi mpya. Watu walimwonea huruma mjane wa watu, kura zikalingana. Ikabaki ya Likanda.

"Baba Zuhura," Somoe alinong'ona, "ile mikorosho tuliipanda wote."

"Najua, mama Zuhura," kisanduku kilijibu kwa upole uleule wa zamani. "Ila mimi sijawahi kumpinga mwenyekiti."

Na kweli, hakuwahi.

Somoe alimbeba mumewe hadi nyumbani, akampangusa vumbi, akamweka chaji. Pamoja naye, kijiji kilikuwa na watu mia tatu kamili.