Mkuu wa Kaya

Hodi ya nne nayo haikujibiwa, ingawa ndani mtu alikohoa, mwingine akamziba mdomo.

Jenifa akavuta kigoda kilichokuwa mlangoni, akakaa. Hii ilikuwa kaya yake ya mwisho hapa Hombolo. Msimamizi alishamwambia, kwa ule upole wa watu wenye kiyoyozi, kwamba dodoso moja tu likikosa saini mkataba hauongezwi. Na bila mkataba, chumba chake cha Miyuji angekiona kwa nje.

Wiki nzima watu walimkimbia. Ukitaja kodi kijijini, hata anayekula anaacha ugali. Ukieleza kwamba unakusanya maoni tu kuhusu kodi, anarudi kuchukua mboga, kisha anakimbia tena. Kwa hiyo siku hizi Jenifa hakuwa akijitambulisha. Alipiga soga, akabonyeza majibu kwenye simu, na karatasi ya saini akaitoa mwisho kabisa.

Mwanamume akaingia uani akitokea upande wa mashamba ya zabibu, begi mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi. Jenifa hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

"Karibu, kaka, karibu. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Jamaa alishangaa, kisha akatabasamu kama aliyeokota noti. Akasema anaitwa Lameck, akakaa juu ya gogo.

Jenifa akaanza kwa mbali: hivi hii serikali inatumia vizuri fedha zetu? Lameck akacheka, akamuuliza yeye anaonaje. Tangu mradi uanze hakuna aliyewahi kumuuliza Jenifa chochote, basi akamwaga yote. Lami ije, dawa zijae zahanati, maji yatoke. Kodi walipe matajiri. Lameck akataka kujua tajiri ni nani.

"Yeyote anayenizidi mimi," Jenifa akasema.

Lameck akaafiki, tena akatoa daftari akaandika. Jenifa akabonyeza "anakubali sana" huku moyo ukimlainika. Mkulima anayeandika kumbukumbu za soga! Kumbe elimu bure imefika mbali.

Kwenye matumizi ya kupunguzwa hawakubishana hata kidogo. Semina zifutwe. Posho za vikao zifutwe. Magari makubwa yauzwe.

"Na hawa wanaotumwa kuhoji wananchi?" Lameck akauliza, macho kwenye daftari.

Jenifa akaacha kubonyeza. Akasema hao waachwe, taifa linawahitaji, ikibidi waongezewe. Lameck akaunga mkono kwa nguvu iliyomshangaza.

Basi, kazi imekwisha. Jenifa akatoa karatasi na kalamu. "Nisainie hapa, kaka, penye mkuu wa kaya."

Lameck akaisoma karatasi ile hadi chini. Kisha akafungua begi, akatoa ya kwake inayofanana nayo, nembo tu ndiyo tofauti.

"Mimi nisaini? Si wewe ndiye uliyenikaribisha, mama mwenye nyumba?"

Wakatazamana. Kisha, kwa uzalendo, kila mmoja akamsainia mwenzake.